Wajuzi wa kompyuta na mifumo huria: Si suala la bei tu, ni nani mwenye ufunguo

Oktoba 14, 2025 ilipita kimya katika maduka na ofisi nyingi za mipakani. Kompyuta ziliwaka asubuhi kama kawaida, ankara zikachapwa, barua pepe zikatumwa. Lakini siku hiyo kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015 na ambao bado uko ndani ya kompyuta nyingi.

Maana yake ni rahisi kuieleza. Tangu siku hiyo, tundu la usalama likigundulika ndani ya Windows 10, kampuni haina tena wajibu wa kuliziba kwa utaratibu wa kawaida. Aliyetaka kuongezewa muda alipaswa kujiandikisha kwa masharti ya kampuni hiyo. Aliyetaka kuhamia Windows 11 alikutana na sharti jingine: kompyuta iwe na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazimo kwenye orodha hiyo. Hizo ndizo laptopu za mtumba ambazo wafanyabiashara wengi wa kanda hii hununua Kariakoo, Luthuli Avenue au Kampala, na ambazo kwa kazi ya ankara, hesabu na barua pepe bado zina nguvu za kutosha.

Wapo watumiaji ambao tarehe hiyo haikuwashtua. Ni mafundi, wasimamizi wa seva, waandishi wa programu na watu walioshinda na kompyuta kwa miaka mingi. Wengi wao walikwishahamia kwenye mifumo endeshi huria, hasa ile ya familia ya Linux. Mfanyabiashara anayewaona anaweza kujiuliza: mtu anayeijua kompyuta kiasi hicho, anayeweza kupata programu yoyote anayoitaka, kwa nini achague mfumo ambao hauna hata tangazo la barabarani?

Jibu la haraka ni kwamba haulipiwi. Jibu hilo ni la kweli, ila ni dogo. Sababu kubwa inafanana na jambo ambalo kila anayevusha mizigo Namanga, Busia au Rusumo analijua: tofauti ya kuwa na stoo yako na kupanga stoo ya mtu.

Chanzo ni printa iliyokwama

Historia ya programu huria ilianza na kero ya ofisini. Mnamo mwaka 1980, maabara moja ya Chuo Kikuu cha MIT nchini Marekani ilipewa printa mpya ya leza. Karatasi zilikuwa zikikwama ndani yake, na watu waliotuma kazi kutoka vyumba vingine hawakujua mpaka wafike kwenye printa na kukuta hakuna kilichochapwa.

Mwandishi wa programu wa hapo, Richard Stallman, alikuwa amewahi kulipunguza tatizo kama hilo kwenye printa ya zamani. Aliibadilisha programu yake ili iwatumie watu taarifa karatasi zinapokwama. Safari hii alishindwa. Programu ya printa mpya ilikuja imefungwa, bila maandishi ya ndani ambayo mwandishi wa programu huyasoma na kuyarekebisha. Alipomwomba mtaalamu wa chuo kingine aliyekuwa nayo, alinyimwa, kwa sababu yule mtaalamu alikuwa amesaini ahadi ya kutoitoa.

Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kujenga mfumo endeshi mzima ambao haungefungwa. Masharti yake yalikuja kujulikana kama uhuru wa aina nne: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuisoma ndani, kuigawa kwa wengine, na kuibadilisha kisha kuyatoa mabadiliko hayo.

Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anaandika kiini cha mfumo endeshi. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya leseni ya GNU. Kiini hicho ndicho Linux. Kilipounganishwa na vipande vya GNU, dunia ikapata mfumo kamili ambao mtu yeyote angeweza kuuchukua, kuufungua na kuutengeneza.

Ndiyo maana wajuzi hutofautisha "huria" na "bure". Kitu cha bure kinaweza kuwa zawadi ambayo mwenyewe anaweza kuikatisha kesho. Kitu huria kinakuja na haki ambazo aliyekupa hawezi kukunyang'anya.

Mashine inayodumu

Mchukulie mfanyabiashara wa mchele mwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Kwa Windows 11, hata kama prosesa yake ingekubaliwa, hicho ndicho kima cha chini kabisa, na kazi ingekwenda kwa kusuasua. Linux Mint, mfumo ambao wengi huanzia kwa sababu sura yake inafanana na Windows waliyoizoea, inahitaji RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 20 kwenye diski, ingawa watengenezaji wake wenyewe wanashauri GB 4 ili kazi iende vizuri. Lipo pia toleo lake jepesi, liitwalo Xfce, kwa mashine zilizochoka.

Tofauti hiyo ina sababu. Kampuni inayouza leseni pamoja na kompyuta mpya haina haraka ya kuzilea kompyuta kuukuu. Jumuiya ya watu wanaotengeneza mfumo kwa ajili ya mashine walizonazo mezani ina sababu ya kuzilea. Ubuntu, mfumo ambao ndio msingi wa Linux Mint, hutoa kila baada ya miaka miwili toleo la muda mrefu linalohudumiwa kwa miaka mitano bila malipo. Muda huo ukiisha, mtumiaji huhamia toleo linalofuata, nalo pia bila malipo.

Hiyo haina maana kwamba Linux hubeba kila kitu milele. Mifumo yake mikubwa imeacha kuhudumia kompyuta za zamani sana, zile za biti 32. Lakini laptopu ya mwaka 2015 au 2016, ambayo Windows 11 inaikataa, kwa Linux bado ni mashine ya kazi.

Gharama ya kopi ya wizi

Wengi katika kanda hii hawajawahi kuilipia Windows. Kompyuta inapoharibika, fundi "hupiga Windows" kwa elfu chache na mambo yanaendelea. Kwa hiyo hoja kwamba Linux haina bei haimgusi mfanyabiashara: kwake hata Windows haina bei.

Wajuzi wanaiona gharama mahali pengine. Ili kopi isiyo na leseni ifanye kazi, mara nyingi hutumika programu ndogo ya kuvunja kufuli, na maelekezo yake huanza kwa kumtaka mtumiaji azime kinga ya virusi. Aliyeiandika hajulikani, na alichokitia ndani hakijulikani. Baada ya hapo wengi huzima pia masasisho, wakihofia kopi yao itagundulika.

Mei 12, 2017 dunia iliona matokeo ya kompyuta zisizosasishwa. Virusi vilivyoitwa WannaCry viliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, vikafunga mafaili ya watu na kudai dola 300 kwa sarafu ya bitcoin. Hospitali za umma za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imeliziba tundu hilo miezi miwili kabla, mwezi Machi. Walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikupokea marekebisho.

Kwa mfanyabiashara, faili lililofungwa si picha za harusi. Ni daftari la madeni: nani wa Arusha anadaiwa, nani wa Kisumu ametanguliza malipo, mzigo upi umelipiwa ushuru. Daftari la karatasi likiungua, mtu huanza kukisia na kubishana na wateja. La kwenye kompyuta likipotea bila nakala, hali ni hiyo hiyo.

Kwenye mfumo huria, hesabu hii hubadilika. Fundi anayekuwekea Linux kwa kutumia flashi haibi kitu, na wewe hujapokea mali ya wizi, kwa sababu leseni yenyewe inaruhusu kunakili. Masasisho hayana cha kugundua. Na programu nyingi hupakuliwa kutoka kwenye hazina moja inayosimamiwa na watengenezaji wa mfumo, badala ya kuokotwa kwenye tovuti yoyote.

Macho mengi, na mipaka yake

Hoja inayotolewa mara nyingi na wapenzi wa Linux ni kwamba mfumo ulio wazi unasomwa na macho mengi, hivyo kasoro haijifichi. Wazoefu husema hivyo kwa uangalifu zaidi, hasa baada ya kilichotokea Machi 2024.

Mtu aliyetumia jina la bandia alikuwa amejitolea kwa zaidi ya miaka miwili kusaidia mradi mdogo uitwao xz, unaotumika kubana mafaili ndani ya mifumo mingi ya Linux. Alijenga imani taratibu mpaka akakabidhiwa sehemu ya usimamizi. Kisha akapenyeza mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia kwenye seva za watu.

Aliyemfichua ni mhandisi Andres Freund, mwajiriwa wa Microsoft yenyewe. Akiwa katika kazi zake, aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida. Hakupuuza. Alifuatilia hatua kwa hatua mpaka akaufikia mlango ule, na Machi 29, 2024 akautangazia ulimwengu kabla toleo lenye sumu halijaenea kwenye mifumo inayotumiwa na wengi.

Kisa hicho kina pande mbili. Kinaonyesha kwamba uwazi peke yake si ulinzi, kwa maana mlango ulipenyezwa kwenye mradi ulio wazi. Lakini kinaonyesha pia kwamba mtu aliyekuwa nje ya mradi, bila kibali cha yeyote, aliweza kufungua, kuchunguza na kuonyesha ushahidi. Kwenye programu iliyofungwa angeishia kuandika malalamiko kwa kampuni na kusubiri jibu.

Ni nani anayeamua

Watumiaji wa muda mrefu hutaja pia mambo madogo ya kila siku. Windows 11 ya toleo la nyumbani inamtaka mtumiaji awe na intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kuisimika. Masasisho hushuka kwa ratiba ambayo mtumiaji anaweza kuiahirisha, lakini kuyazima moja kwa moja si kazi nyepesi. Kwa mtu anayenunua bando la siku, GB moja inayoondoka bila yeye kuitaka ni pesa inayoondoka. Windows ina mpangilio wa kupunguza matumizi hayo, ila wengi hawaujui.

Kwenye Linux, mtumiaji huona orodha ya masasisho na kuamua lini ayapakue. Fundi mwenye kompyuta kumi anaweza kupanga zipakuliwe mara moja tu, kisha kompyuta nyingine zichukue kwa mwenzao ndani ya ofisi. Uhuru huo una bei yake: anayeachiwa uamuzi anabeba pia wajibu wa kukumbuka. Asiyesasisha Linux naye anajiweka hatarini.

Lugha nayo ilipata mlango

Kwa Afrika Mashariki, uwazi huu uliwahi kuzaa jambo lililoonekana kwa macho. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Sweden, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice: programu za ofisi zenye menyu na maelekezo kwa Kiswahili. Ilibidi watafute maneno ya vitu ambavyo mpaka wakati huo vilisemwa kwa Kiingereza tu.

Hawakuhitaji kuomba ruhusa kwa kampuni wala kuishawishi kwamba soko la Kiswahili lina faida. Leseni ilikwisharuhusu. Walichohitaji ni watu, muda na kamusi. Kazi ya tafsiri katika mifumo huria bado inategemea wanaojitolea, na ndiyo maana mtumiaji anaweza kukuta baadhi ya menyu ziko kwa Kiswahili na nyingine bado kwa Kiingereza.

Mwaka huo huo, Mark Shuttleworth, mfanyabiashara wa Afrika Kusini, alizindua mfumo alioupa jina la Ubuntu. Mswahili haitaji kufafanuliwa sana neno hilo, kwani ni ndugu wa "utu". Hadi mwaka 2011 kampuni yake ilituma CD za mfumo huo kwa posta, bure, kwa aliyeomba, na hivyo ndivyo ulivyowafikia watu ambao intaneti yao isingeweza kupakua faili kubwa namna hiyo.

Pale usipofaa

Mjuzi mkweli hatamshauri kila mtu ahame kesho. Kuna kazi ambazo bado zimefungwa kwenye Windows. Programu za kuunganisha kompyuta na mashine ya risiti za kodi mara nyingi hutengenezwa kwa ajili ya Windows. Programu kadhaa za uhasibu zinazosimikwa kwenye kompyuta hazina toleo la Linux. Microsoft Office haisimikwi moja kwa moja. Mbadala wake, LibreOffice, hufungua mafaili mengi ya Word na Excel, lakini jedwali lenye amri nyingi za ndani linaweza kuvurugika. Baadhi ya printa na skana nazo hugoma.

Habari njema kwa wanaovusha bidhaa ni kwamba huduma nyingi zimehamia kwenye kivinjari, na Firefox au Chrome hufanya kazi ile ile kwenye Linux. ASYCUDA World, mfumo wa forodha uliotengenezwa na UNCTAD na unaotumika Uganda, Rwanda na Burundi, umeandikwa kwa lugha ya Java na haukufungwa kwenye mfumo endeshi mmoja. Hata hivyo, wakala wa forodha anapaswa kujaribu kwanza, kwani mzigo ukiwa umesimama kwenye foleni ya malori si wakati wa kugundua kwamba fomu haifunguki.

Lipo pia suala la fundi. Katika miji mingi ya mpakani, fundi wa Windows yuko kila kona, na wa Linux huenda akatafutwa. Mfumo mzuri usio na wa kuutengeneza karibu ni kama lori zuri lisilo na spea njiani.

Uzuri ni kwamba kujaribu hakugharimu. Linux Mint na Ubuntu huweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilicho ndani ya diski. Mtumiaji huwasha kompyuta kwa flashi hiyo, akajaribu printa yake, Wi-Fi yake, mafaili yake ya hesabu na tovuti za kodi na forodha anazozitumia. Akiridhika, anaendelea. Asiporidhika, anachomoa flashi na kuwasha upya. Windows yake iko pale pale.

Anayeamua kusimika afanye jambo moja kabla ya yote: anakili daftari lake la biashara kwenye diski ya nje au flashi nyingine, na ahakikishe nakala hiyo inafunguka kwenye kompyuta tofauti. Kusimika mfumo mpya kunaweza kufuta diski yote, na hapo hakuna fundi anayeweza kuahidi kuirudisha. Wengine huiacha Windows kwenye kompyuta moja kwa ajili ya mashine ya risiti, na kuweka Linux kwenye nyingine zote.

Asiyemwamini mgeni huyu anaweza kutazama mfukoni mwake. Simu ya Android, ambayo mfanyabiashara hutumia kutuma na kupokea pesa, imejengwa juu ya kiini cha Linux. Kompyuta kuu 500 zenye nguvu zaidi duniani, kwa mujibu wa orodha inayotolewa mara mbili kwa mwaka, zote zimekuwa zikiendeshwa na Linux tangu Novemba 2017. Wengi wamekuwa wakiutegemea mfumo huu miaka yote bila kuujua kwa jina.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi safari ijayo, mfanyabiashara hana haja ya kujua lugha ya kompyuta. Anahitaji maswali mawili tu. Tundu likigundulika kesho kwenye mfumo huu unaoniwekea, nani ataliziba? Na ataliziba mpaka lini? Fundi akikosa jibu, basi mteja ajue kwamba amewekewa mlango ambao ufunguo wake uko kwa mtu mwingine.